Nani Aonje Kwanza?

Runazi, Biharamulo
6 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu hizi kutoka kwenye vumbi la unga. Mimi mzima, mashine ya kusaga nzima, mwenye mashine ndiye ana mafua. Goti lako la kushoto linasemaje na mvua hizi? Na yule mbuzi wako mwenye dharau, bado anakula khanga za watu?

Barua hii nampa Gervasi, yule wa maharage, maana anakuja huko kufuata mzigo. Ningepiga simu, lakini simu yako ni ya ukoo mzima. Nikisema "halo" Murusagamba yote inaitikia, na neno hili si la ukoo mzima. Bado.

Shangazi, nimepata mchumba. Anaitwa Jovina, binti wa mzee Malongo, Msukuma aliyehamia hapa na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Ni fundi cherehani, na anacheka hata nikisema jambo lisilochekesha, kwa hiyo nadhani ananipenda. Nilituma mshenga kwa baba yake. Mshenga alirudi haraka kuliko alivyokwenda.

Mzee alimwambia: "Watu wa Ngara siwachukii. Lakini mitungi yao ndiyo iliyoniharibia mwanangu. Binti yangu haingii nyumba inayopika pombe." Mwana anayemsema ni Jeremia, kaka yake Jovina. Gongo ilimla miaka mingi. Tangu Pasaka hajagusa kitu. Najua, kwa sababu nimemwombea kazi ya kubeba magunia hapa mashineni, namwona asubuhi mpaka jioni. Baba yake ndiye haoni. Hampi jembe jipya, maana la zamani aliliuza. Hamtumi maziwa kwa jirani, maana siku moja alirudi bila maziwa na bila ndoo.

Sasa shangazi, wewe ndiye uliyenilea, ndiye mama na ndiye baba. Na ndiye mpika rubisi, pombe yetu ya ndizi, anayesifiwa hadi ng'ambo ya mpaka. Nakuuliza kwa heshima zote: huwezi kupumzika kidogo kupika? Mpaka nioe tu.

Mwanao,
Niyibizi


Murusagamba, Ngara
19 Mei 2024

Mwanangu Niyibizi,

Marahaba. Goti lilipona kidogo, likakumbuka kwamba lina kazi ya kutabiri mvua, likarudi kuuma. Mbuzi amekula kalenda ya parokia. Tarehe ya barua hii nimeiulizia kwa jirani, kama si yenyewe mlaumu mbuzi.

Hongera kwa Jovina. Mimi marehemu mume wangu nilimchekea mara moja tu, akanioa. Mwambie binti aangalie.

Kuhusu kupumzika: ndizi zikivundikwa shimoni haziulizi kama Niyibizi ameshaoa. Zinaiva. Rubisi hiyo ndiyo iliyokununulia sare, daftari na yale magazeti ya michezo uliyosema ni vitabu vya jiografia. Sitapumzika. Lakini usilie kwanza, nina habari.

Mtendaji wetu wa kata, Gozbert, aliitisha mkutano kuhusu vijana. Bangi inavuka mpaka kwa baiskeli, gongo inapikwa vichakani, na vijana wa kulima wamebaki wa kuhesabu mawingu. Wakasema iundwe kamati ya kuwakinga vijana na ulevi. Akatafutwa mwenyekiti. Mwalimu mkuu akasema ana mitihani. Katekista akasema ana kwaya. Nikasikia wamenitaja mimi.

Nikasimama. "Mtendaji, mimi ni mpika pombe."

"Ndiyo maana, mama Nimpaye. Walevi wote unawajua kwa majina."

Nikakaa. Jambo la kweli halibishiwi.

Gozbert alikuwa ameandaa hotuba ya makundi rika na utandawazi. Nikamwomba kabla hajaanza nami niulize swali langu dogo, kwa vile sikusoma. Nikawageukia vijana: "Pombe ya kwanza, nani alikupeni?"

Wakasukumana viwiko. Kisha Bukuru, huyu anayenikamulia ndizi, akainua kidole akamnyooshea Mzee Leonidas aliyekaa benchi la mbele.

"Mimi?"

"Wewe, babu. Kwenye posa ya dada. Ulinipa mrija ukasema, onja mtoto, wageni waone hufi."

Mwingine akamnyooshea katekista. Mwingine bibi yake mzaa mama. Mwingine akamnyooshea mwalimu mkuu, pamoja na mitihani yake yote. Benchi la mbele tukaanza kutazama bati, kama watu wanaotafuta linapovuja. Halivuji. Mwisho Bukuru akanigeukia na mimi.

Mila yetu unaijua, umekulia ndani yake. Mgeni hagusi mtungi kabla mtu wa nyumba hajaonja, ionekane hakuna sumu. Na anayeitwa kuonja siku zote ni mtoto, maana wakubwa wanangoja zamu yao ya heshima. Miaka yote ninapika sijawahi kujiuliza: kama ni sumu tunayoiogopa, mbona tunamtanguliza mtoto?

Gozbert hakusoma hotuba. Kamati itakaa tena.

Kula vizuri. Unga si chakula mpaka usongwe.

Shangazi yako,
Nimpaye


Runazi
2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hapa afya ipo. Mwenye mashine mafua yamemwachia, sasa ana hasira, bora mafua.

Barua yako nimemsomea Jovina akacheka, na safari hii palikuwa na la kuchekesha. Na mimi nikakumbuka. Nilikuwa darasa la pili, ubatizo wa Odeta wa jirani, ukanipa mrija. Tumbo langu lilikataa palepale, juu ya viatu vya katekista. Tangu siku ile hakuna aliyeniita tena kuonja, na mpaka leo harufu yake inanitoa jasho. Nilidhani ni aibu yangu. Kumbe ilikuwa bahati, na wenzangu wenye matumbo mazuri ndio walioumia.

Habari ya posa: mama mkwe mtarajiwa, mama Nshoma, ameanza kulegea. Ananiitikia salamu mpaka mwisho. Mzee bado. Amesema atauchunguza ukoo wetu kwa njia ya wazee, ndipo aseme neno lake la mwisho, na akishasema hasemi mara mbili. Aliniuliza wewe unafanya kazi gani. Nikamjibu unashughulika na mazao ya ndizi. Si uongo, shangazi. Akija mtu yeyote kuuliza, tafadhali shikilia hapohapo.

Jeremia anakusalimu. Jana nilimtuma dukani na hela akaleta chenji yote. Akaniwekea mkononi polepole, kama mtu anayeweka yai.

Mwanao,
Niyibizi


Murusagamba
23 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, na mwambie Jeremia namwitikia kwa jina.

Goti limetulia, kiangazi kimefika. Kamati ilikaa, na sheria imepita: mtoto haonji, kijana haonji. Mwonjaji awe na mvi. Na vijana wanaokamua ndizi hawalipwi tena pombe kama zamani, wanalipwa hela. Bukuru amenunua viatu. Akikamua anavivua na kuviweka mahali anapoviona.

Tulidhani wazee watanung'unika. Mwanangu, sijawahi kuona kamati ikiungwa mkono namna ile. Kesho yake alfajiri mlangoni kwangu pamejaa wazee wa kujitolea. Telesfori, ambaye juzi tu alikuwa anajiita kijana ili asichangie mchango wa wazee, alikuja na mvi mbili akatuonyesha kila moja. Tukamchagua Mzee Leonidas kwa umri.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na ubatizo, posa na nyumba mpya. Mzee Leonidas akaonja kote kwa moyo wa kizalendo. Jioni tukamkuta nyuma ya nyumba anamweleza mbuzi wangu kesi ya shamba ya mwaka sabini na mbili, na mbuzi ameinamisha kichwa kama hakimu. Kamati ikakaa kwa dharura. Tukasema: mwonjaji apige fundo moja. Mzee akauliza, "Fundo la nani? Mafundo hayalingani." Suala hilo bado liko mezani.

Jambo jingine, dogo. Jumatano alikuja mzee mmoja mrefu kama nguzo ya umeme, kofia ya sufu kichwani na jua lote lile, fimbo yake imezungushiwa waya wa shaba. "Hodi, mayu." Nikajua si wa huku, wa huku angesema mama. Akasema ananunua mbuzi. Nikamwonyesha mbuzi, hakumtazama. Alitazama mitungi, akatazama vijana wanaokamua, akatazama viatu vya Bukuru. Mnunuzi asiyemshika mbuzi mgongo hanunui mbuzi, lakini mgeni ni mgeni. Nikamtolea kiti, mtungi na mrija.

Akaweka fimbo magotini. "Mayu, nani anaonja?"

"Kuna mzee anakuja."

"Nasikia kwenu huonja mtoto." Akamnyooshea kidole mjukuu wangu Iradukunda, aliyekuwa anachora chini kwa kijiti. "Mwite yule."

"Yule haonji."

"Basi nitajuaje haina sumu?"

"Hutajua."

"Niondoke na kiu, mayu?"

Hapo ulimi ulinitoka. Nikamwambia: "Baba, kisima kile pale bondeni, maji yake hayahitaji mwonjaji. Mtu wa umri wako anayetaka mtoto afe kabla yake, kiu yake haiko juu yangu." Nikaubeba mtungi nikaurudisha ndani.

Akasimama. Akamtazama Iradukunda, akamtazama mbuzi kwa mara ya kwanza, akaenda zake. Mzee Leonidas akafika anahema, midomo ameshaifuta tayari, akakuta mgeni hayupo. Alisikitika kuliko mtu aliyefiwa.

Nimeona nikuandikie ucheke. Huyo mchunguzi wa mkweo bado hajafika. Akija nitamtendea vizuri.

Shangazi yako,
Nimpaye


Runazi
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama mimi ni mzima.

Kofia ya sufu. Fimbo ya waya wa shaba. Mrefu kama nguzo ya umeme. Shangazi, hakumtuma mtu, alikuja mwenyewe! Huyo ni mzee Malongo! Hapa aliaga kwamba anakwenda mnadani kutazama dume la ng'ombe. Amerudi bila dume na hasemi na mtu. Mama Nshoma anasema anakaa zizini peke yake anachonga mpini wa jembe usiokwisha.

Umemwambia baba mkwe wangu anataka mtoto afe! Umemnyang'anya mtungi! Umemwelekeza kisimani kama ng'ombe!

Jovina ameacha kucheka. Ameshona mkono wa gauni la mtu upande wa shingo. Mimi leo nimesaga mtama wa watu nikaumwaga kwenye muhogo wa watu wengine. Jeremia ndiye aliyenitetea kwa mwenye mashine, fikiria, Jeremia ananitetea mimi.

Tafadhali andika barua ya kumwomba radhi. Au njoo. Au tuma Mzee Leonidas. Hapana, usimtume Mzee Leonidas.

Mwanao, kama bado mnanihesabu,
Niyibizi


Runazi
12 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Hujanijibu, na nimeambiwa sababu: gari la Gervasi limefia Benaco likingoja spea. Kwa hiyo barua yangu ya vilio bado imelala huko ndani ya gari, na hii inaifuata na basi. Ukiipata ile, usiisome. Au isome, ila usimsomee mtu.

Juzi mzee Malongo aliniita zizini. Nikaenda. Hakunikaribisha kiti. Aliendelea kuchonga.

"Shangazi yako ni mkali."

"Ndiyo, baba."

"Alinifukuza."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Ulinifukuza wewe?" Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Jeremia alikuwa na akili darasani, unajua? Tulipohamia hapa, majirani zetu wa kwenu walikuwa wakarimu. Kila sherehe wanamwita: njoo, mtoto wa Msukuma, onja. Na mimi nilikaa palepale nikacheka, nikaona mwanangu anapendwa. Basi nilikwenda kumtega shangazi yako. Angemwita yule mtoto, nilikuwa naondoka na jibu langu mfukoni."

"Na hakumwita."

"Hakumwita. Alikubali kumkosesha mgeni heshima. Kwetu mtu akimfukuza mgeni ni aibu kubwa. Kwenu je?"

"Kubwa zaidi, baba."

"Ndiyo. Nilitembea mpaka kituo cha basi naiwaza aibu hiyo." Akanipa ule mpini nikaushike, akatazama kama mkono wangu unauweza. "Wazee wenu waje na posa. Lakini pombe haiingii uani kwangu."

Shangazi, wamekubali! Jovina amecheka mpaka uzi ukakatika. Mje Agosti. Ila hapo kwenye pombe, sijui tutafanyaje, maana posa bila mtungi nani atasema nini?

Mwanao mwenye furaha isiyo na mahali pa kukaa,
Niyibizi


Murusagamba
23 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba, kwa shikamoo zote mbili. Barua zako zimefika siku moja. Nilianza na ya pili, ndiyo maana ile ya kwanza niliifaidi sana. Nimemsomea Iradukunda pale pa "kisimani kama ng'ombe" na sasa anapasema kila akimwona mtu na ndoo.

Radhi sikuomba wala siombi. Ila mwambie mkwe kwamba mbuzi bado yupo, kama kweli alikuwa ananunua.

Mtungi utakuja. Utakuwa na mutobe, maji matamu ya ndizi mbivu siku ileile yanapokamuliwa, kabla hayajachachuka. Bukuru na wenzake watakuja na ndizi zenyewe na mtumbwi wa kukamulia, wazikamulie hukohuko alfajiri, watu waone. Msemaji wa ukoo ni Mzee Leonidas, ndiye mkubwa, hatuna la kufanya. Nilipomweleza ni mutobe akasema, "Nisafiri siku nzima, nipite Benaco na vumbi lake, nikanywe kinywaji cha komunio ya kwanza ya watoto?" Lakini suti ameshaitoa kwenye sanduku.

Wewe fua shati jeupe. La kazini halihesabiki kuwa jeupe, ule ni unga.

Shangazi yako,
Nimpaye


Murusagamba
20 Agosti 2024

Wanangu Niyibizi na Jovina,

Hamjambo? Sisi tulifika salama, ila goti limekataa kunisemesha tangu safari ile. Mbuzi alitusubiri, amekula ufagio.

Niyibizi, najua una kinyongo. Siku ya posa mwoaji hukaa mbali, wakakufungia nyumba ya jirani na shati lako jeupe, ukasikia vigelegele kupitia ukuta, na Gervasi akatuharakisha kupanda gari kabla sijakueleza. Wanaume walikwambia nini? "Mambo yalikwenda vizuri." Wanaume wakiona mlima unaanguka watakwambia kulikuwa na vumbi. Kaa, nikueleze mimi.

Tulikaa uani, wao upande wa zizi, sisi upande wa ghala la mahindi. Mzee Leonidas akasema maneno yake, na nakiri alisema vizuri, sijawahi kumsikia akiwa mkavu namna ile. Kumbe ana kumbukumbu. Mtungi wa mutobe ukawekwa katikati, mrija ndani. Hapo Mzee akajinyanyua, akavuta suti, akasema, "Kwa mujibu wa sheria ya kamati yetu, mwonjaji ni mwenye mvi," akaanza kuuendea mtungi kwa huzuni ya mtu anayekwenda kulipa kodi.

Malongo akasema, "Kaa, mzee mwenzangu."

Mzee akakaa. Watu wakatazamana. Malongo ameketi na fimbo yake magotini, kama siku ile kwangu. Mimi nikasema moyoni, Nimpaye, leo unafukuzwa wewe.

"Huu mtungi si wa pombe," akasema. "Mtungi wa pombe na uonjwe na mvi, hiyo sheria nimeipenda. Lakini huu ni wa vijana, umekamuliwa na vijana, nimewaona kwa macho. Uonjwe na kijana wa nyumba hii." Akageuza shingo kuelekea nyuma, kule walikosimama wanaotumwa kuni na maji. "Jeremia. Njoo uonje."

Mama Nshoma alikuwa na ungo mkononi, akausahau hewani. Maana kuonja ni nini? Ni kusema: ninyi nyote mngoje, huyu ndiye tunayemwamini kwa midomo yetu. Yule asiyetumwa maziwa kwa jirani.

Jeremia akaja. Alikuwa amevaa shati la Niyibizi, nililitambua kwa kifungo nilichokishona mwenyewe. Akapiga magoti. Mrija ukagonga mdomo wa mtungi tik, tik, tik. Akavuta. Akameza. Akakaa kidogo kichwa ameinamisha, na sote tukangoja, na naapa hakuna aliyekuwa anangoja sumu.

Akainua uso. "Ni tamu," akasema. "Haina kitu."

Malongo akatoka kitini, mwili ule mrefu wote, akapiga magoti kando ya mwanawe. Hakuufuta mrija. Akanywa baada yake, kwa mrija uleule, akanywa kwa muda mrefu kuliko kiu ya mtu mmoja. Ndipo mama Nshoma alipopiga ule ukelele uliousikia ukutani. Ungo ukaenda upande wake na maharage upande wake. Bukuru na wenzake wakaanza wimbo wa kukamulia ndizi, Wasukuma wakauchukua bila kujua hata neno moja, wakaucheza vizuri kutuzidi.

Na katikati ya machozi yote hayo nikamsikia Mzee Leonidas nyuma yangu: "Na mimi nipewe, jamani, kabla haijachachuka." Akapewa. Akanywa. Akasema si mbaya. Akaongezewa. Njia nzima kurudi amelala usingizi wa mtoto mchanga, na asubuhi kaamka kichwa hakimuumi, akaniuliza kwa wasiwasi kama anaumwa.

Kamati ilikaa jana. Nimewaeleza ya Runazi, na kuanzia sasa kila sherehe itakuwa na mitungi miwili: wa rubisi unaonjwa na mvi, wa mutobe unaonjwa na kijana, tena kijana yule ambaye watu wamekata tamaa naye. Gozbert ameuliza tutampataje. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mwenyekiti wake anawajua wote kwa majina.

Mwambieni Jeremia harusini tunamtegemea. Na mkwe mwambieni yule mbuzi nimempa bure, aje amchukue mwenyewe, kiu yake safari hii iko juu yangu.

Shangazi yenu,
Nimpaye